Bibi, kibatari na ile 43 yangu

Mwezi uliopita nilikuwa nahama nyumba, na ukihama ndo unajua mwalimu anatunza makaratasi kiasi gani. Kwenye mfuko wa salfeti uvunguni nikakuta bunda la insha za Kiingereza za kidato cha tatu, za miaka kama kumi na moja nyuma, nilipokuwa shule moja ya kata huko Pwani. Sijui kwanini sikuzirudisha, labda shule zilifungwa, labda nilisahau, basi nikakaa chini sakafuni katikati ya maboksi nikaanza kusoma badala ya kufunga mizigo na mume wangu akawa ananiangalia tu.

Kichwa cha insha kilikuwa kile kile cha siku zote, "A Day I Will Never Forget". Na ya nne au ya tano kuifungua ndo hiyo. Kijana mmoja aliandika kuhusu siku umeme ulipofika kwao, fundi kaja, kafunga taa moja ukumbini, wamewasha, majirani wamejaa mlangoni, alafu usiku bibi yake akakataa kuzima kibatari. Taa ya umeme inawaka juu, kibatari kinawaka chini. Mjukuu anamuuliza kwanini, na bibi anajibu (nanukuu kama alivyoandika) "He say this one is visitor, visitor can go any time."

Nikasoma tena. Alafu nikaangalia juu kulia, peni nyekundu, mwandiko wangu mwenyewe: 43. Na kwa chini nimeandika neno moja, "Grammar!!", na hizo alama mbili za mshangao sijui nilikuwa nashangaa nini.

Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D. Yaani nilimpa D, tena ile D ya kukosa mbili tu ambayo mtoto anaiona usiku akilala.

Sasa nilifikaje 43? Nakumbuka vizuri kwasababu nilikuwa najivunia ule utaratibu wangu, nilidhani ni wa haki kuliko wa wenzangu wanaokadiria. Nilikuwa nakata nusu maksi kwa kila kosa. Kosa limeonekana, limezungushiwa duara, nusu imeondoka, mwisho unajumlisha, hamna upendeleo, hata mzazi akija unamuonyesha maduara mnahesabu wote. Kwenye ile insha "he" badala ya "she" ipo mara kumi na moja. Kumi na moja! Bibi ni "he" mwanzo mpaka mwisho. Maksi tano na nusu zimeondoka hapo peke yake.

Na mtu yeyote aliyekulia Kiswahili anajua hilo kosa linatoka wapi. Sisi tunasema alisema, alikataa, alicheka, hiyo "a" ya mwanzo haijali kama ni bibi au babu, inajali tu kwamba ni mtu (au mnyama). Kwa hiyo mtoto anapoandika Kiingereza kichwani kwake jinsia haimo kwenye kitenzi, inabidi asimame kila mara aitafute, na akiwa anakimbiza hadithi tamu hatasimama. Ni kosa moja. Limejirudia mara kumi na moja kwasababu bibi ndo mhusika mkuu, angekuwa mtoto mvivu akamtaja bibi mara mbili tu ningemkata maksi moja. Hapo ndo nilijiona mjinga kabisa pale sakafuni, kwamba kipimo changu kilikuwa kinamuadhibu mtu kwa kuandika zaidi.

Kwenye utafiti wa lugha ya pili jambo hili lina historia yake. Mwaka 1972 Marina Burt na Carol Kiparsky walitenganisha makosa ya aina mbili, yale yanayobaki ndani ya kipande kimoja cha sentensi bila kuvuruga maana, na yale yanayovuruga sentensi nzima mpaka msomaji anapotea. Kama nyumba vile, kuna bawaba ya dirisha imelegea na kuna nguzo imeoza, huwezi kuzihesabu kila moja nusu. Na tuwe wakweli, "he" ya huyu kijana sio kila mahali ilikuwa bawaba. Kuna pahala fundi umeme anamkataza bibi asiguse swichi na mikono ya maji, kijana kaandika "he told him he must not touch", nikasoma mara tatu nisijue nani anamkataza nani. Hapo nilistahili kukata na ningekata hata leo. Ila ni mahali pamoja, sio kumi na moja.

Nikampigia mzee mmoja tuliyefundisha naye, yeye Kiswahili, kastaafu sasa. Nikaipiga picha insha nikamtumia, nikamwambia mwalimu nipe maksi, usiulize niliipa ngapi. Akasema "mwanangu, Kiingereza changu ni cha redioni, utanipa kazi ya aibu". Lakini akasoma, akapiga baada ya dakika ishirini, anacheka. "Huyu bibi namjua." Akatoa 80.

Nikasema haya, 43 na 80, karatasi ile ile.

Hili wala sio letu peke yetu na wala sio la lugha ya pili tu. Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake kule ETS, taasisi ya mitihani ya Marekani, walichukua insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo, wazungumzaji wa Kiingereza, wakawapa wasomaji 53, walimu wa Kiingereza, watu wa sayansi, wahariri, mawakili, wafanyabiashara, wakawaambia zipangeni kwenye mafungu tisa kwa ubora, bila kuwaambia ubora ni nini. Katika zile 300, insha 101 zilipata mafungu yote tisa. Yaani kuna mtu kaiweka juu kabisa na kuna mtu kaiweka chini kabisa na wengine kila ngazi ya katikati. Na hakuna hata moja iliyopata mafungu pungufu ya matano.

Lakini kitu kilichonifurahisha mimi sio hayo mafungu, ni walichofanya baadae. Waliangalia nani anakubaliana na nani, wakakuta wasomaji wanajigawa kwenye makundi matano hivi: wanaotafuta mawazo, wanaotafuta makosa, wanaotafuta mpangilio, wanaoangalia uteuzi wa maneno, na wanaotafuta ile ladha ya mwandishi mwenyewe. Kwa hiyo sio kwamba watu wanakadiria ovyo, kila mmoja anapima kitu chake, na anapima vizuri tu. Mi ni kundi la pili damu damu. Mzee wangu ni la tano. Tungekaa chumba kimoja cha kusahihishia tungegombana wiki nzima na wote tuko sahihi.

Ndo maana watu wakatafuta vipimo ambavyo havina mtu ndani, vya kuhesabu. Mwenye jina kubwa hapo ni Kellogg Hunt, 1965, alikuwa anaangalia watoto wa Marekani wanavyokua kimaandishi. Akaona kuhesabu urefu wa sentensi hakusaidii kwasababu mtoto mdogo anaunganisha "and... and... and..." ukurasa mzima bila nukta (kama mimi hapa, eti). Akatengeneza kitu akakiita ti-yuniti: kishazi huru kimoja (kipande cha sentensi kinachoweza kusimama peke yake) pamoja na vishazi tegemezi vyote vinavyokiegemea. Unakata maandishi yote vipande hivyo, unahesabu maneno, unatafuta wastani. Darasa la nne walipata wastani wa maneno 8.6, la nane 11.5, la kumi na mbili 14.4. Inapanda na umri, safi. Miaka ya 1970 watu wa lugha ya pili, akina Diane Larsen-Freeman, wakaichukua, wakaongeza kuhesabu zile ti-yuniti zisizo na kosa hata moja, kwasababu kwa mgeni wa lugha urefu peke yake hautoshi.

Basi nikakaa na penseli nikaijaribu kwa kijana wangu. Kuna sentensi yake moja hii, ile taa inawashwa mara ya kwanza: "My grandmother looked the light and the light looked my grandmother."

Isome tena taratibu. Kwa Kiswahili ni bibi akaitazama taa, taa ikamtazama bibi. Haina kasoro, kitenzi chetu kinabeba yambwa yake (yule anayetendewa) mgongoni hakihitaji kihusishi. Kwa Kiingereza imekosa "at", mara mbili.

Ipime sasa. Ni vishazi huru viwili kwa hiyo ti-yuniti mbili, ya kwanza maneno matano, ya pili sita, wastani 5.5, chini ya mtoto wa darasa la nne wa Hunt. Ti-yuniti zisizo na kosa: sifuri. Sentensi bora kwenye bunda zima la insha 78, na ninasema hivo nikiwa nimezisoma zote, kwenye kipimo kimoja ni ya mtoto mdogo na kwenye kingine haipo kabisa.

Kipimo kingine kinachopendwa ni cha utajiri wa msamiati, unachukua idadi ya maneno tofauti unagawa kwa idadi ya maneno yote. Ile ile sentensi: maneno yote 11, maneno tofauti 6, unapata kama 0.55. Ila angekata pale kwenye "light" ya kwanza, "My grandmother looked the light", angekuwa na maneno matano yote tofauti, 5 kwa 5, moja kamili, utajiri wa asilimia mia. Kila unavyoendelea kuandika "the" na "my" zinajirudia na namba inashuka, hata uwe nani. Wataalamu wanalijua hilo siku nyingi na wana njia za kurekebisha, lakini mwalimu anayeokota kikokotoo mtandaoni kabandika insha ya maneno 90 na ya maneno 300 akalinganisha hajui. Na hata ukirekebisha hesabu, kipimo hakijui kwamba kurudia hapa ndo kazi yenyewe. Bibi, taa, taa, bibi. Ukiweka maneno tofauti umeua.

Sisemi hesabu hizi hazina kazi. Ukitaka kujua kama darasa lako la mwezi wa kwanza na la mwezi wa kumi limepiga hatua, watoto 78 kwa pamoja, ti-yuniti itakwambia kitu cha kweli kuliko hisia zako. Inapima maendeleo ya lugha kwa kundi. Shida ni pale unapoichukua ukampa mtoto mmoja kama maksi ya insha yake, hapo umepima urefu wa mtu kwa mzani wa nyama.

Kwa upande wa mashine za kusahihisha insha sitaenda mbali maana kila mtu sikuizi ana maoni. Ni jambo la zamani kuliko watu wanavyodhani, Ellis Page alikuwa na programu ya kusahihisha insha tangu 1966, na alikuwa muwazi kwamba kompyuta haisomi, inaangalia dalili zinazoambatana na ubora, urefu wa insha, mikato, vitu hivyo. Mwaka 1999 ETS walianza kutumia e-rater, programu yao ya kusahihisha, kwenye GMAT, mtihani wa wanaoomba kusoma shahada za juu za biashara. Alafu 2014 Les Perelman wa MIT na wanafunzi wakatengeneza programu ya kinyume, unaipa maneno matatu inakuandikia insha ndefu yenye misamiati ya kutisha na haina maana hata chembe, na mashine za kusahihisha zikaipa maksi za juu. Nilicheka niliposoma, alafu nikakumbuka mwanafunzi wangu mmoja aliyepata 71 kwenye bunda lile lile. Ameanza na "It was a bright sunny Saturday morning", akaja "as fit as a fiddle", akaja "last but not least" kwenye insha isiyo na orodha ya kitu chochote. Zote za kukariri, za tuisheni, hazina kosa. Siku yenyewe ambayo hatoisahau ni siku gani? Mpaka leo sijui, nimesoma mara mbili, hakuna kilichotokea. Kwa hiyo ile mashine ya kusahihisha iliyodanganywa na Perelman ndo mimi, ila mimi nilidanganywa na binti wa miaka kumi na saba.

Nikageukia miongozo ya kugawanya maksi, ile ya vipengele. Ninayoipenda ni ya Holly Jacobs na wenzake ya 1981, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili: maudhui 30, mpangilio 20, msamiati 20, matumizi ya lugha 25, tahajia na alama za uandishi 5. Angalia hizo tano za mwisho. Mi nilikuwa nakata nusu nusu kwa herufi kubwa zilizosahaulika mpaka zinafika nane, kumi, wao wanasema vyote hivyo kwa ujumla wake ni tano basi.

Nikamsahihisha upya. Maudhui 25, mpangilio 15, msamiati 13, lugha 12, tahajia 3. Jumla 68. B. Kutoka D mpaka B na kijana hajaongeza hata nukta.

Kuna jambo moja la kuchekesha kwenye huo mwongozo, kila kipengele kina sakafu yake, ukijumlisha sakafu zote unapata 34. Mtoto aliyeandika vibaya kuliko wote anaanzia 34, kwetu hiyo ni D tayari. Kwa hiyo usiuchukue ukaubandika juu ya madaraja yetu kama nilivyofanya mimi hapo juu, 68 yangu ina mkopo ndani yake.

IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, nao wanatumia vipengele, vinne vyenye uzito sawa: umejibu swali kiasi gani, mtiririko, msamiati, sarufi, na insha kubwa ya maneno yasiyopungua 250 inahesabika mara mbili ya ile kazi ndogo. Mwenyewe niliufanya nilipokuwa naomba masters. Mwalimu wa Kiingereza wa miaka tisa, kwenye kuandika nikapata 6.5. Sikubisha. Nilikuwa nimejibu nusu ya swali na nikaandika nusu nyingine kwa madaha.

Kitu ninachokifanya sikuizi nimekiiba sokoni, au tuseme L. L. Thurstone kakiandika 1927 lakini mama zetu walikuwa nacho. Nenda kanunue nyanya. Huwezi kushika nyanya moja ukasema hii ni 7 kati ya 10, ila ukishika mbili, moja kila mkono, unajua hapo hapo ipi inaingia kikapuni. Thurstone alionyesha kwamba ukikusanya hukumu nyingi za hivyo, hii au ile, hii au ile, unaweza kupata mizani nzima yenye namba bila mtu yeyote kutaja namba. Uingereza kuna shule zinapima insha za watoto hivyo, walimu wengi wanaletewa insha mbili mbili kwenye skrini wanachagua tu.

Mi sina skrini, nina meza ya stafu. Tunakaa wanne, insha zimefichwa majina, mbili mezani, ipi bora, ipi bora, haraka, bila kuhesabu makosa. Mara ya kwanza niliingiza kwa siri insha ya kibatari na ile ya "bright sunny Saturday". Watatu kati ya wanne wakachagua kibatari, na yule wa nne, mwalimu wa hesabu, alisema ya pili ina mwandiko mzuri. Haya bwana.

Ina matatizo yake, nisije nikaonekana nauza dawa. Kila insha inabidi ilinganishwe mara kadhaa na insha tofauti, ukiwa na watoto 78 mnakesha. Mtaaluma anataka namba Ijumaa saa nane na hataki kusikia habari za nyanya. Na kubwa zaidi, mtoto akija kuuliza "madamu, kwanini?" huna cha kumuonyesha. Maduara yangu mekundu angalau yalimwambia kitu, hata kama kilikuwa kitu kidogo. Kwa hiyo nafanya vyote viwili vibaya vibaya, nalinganisha kupata daraja, alafu narudi na penseli nazungushia kosa la aina moja mara moja tu, la pili na kuendelea napiga nukta ndogo pembeni bila kukata.

Ile insha nimeihamisha nayo, ipo kwenye droo. Juu kulia, pembeni ya 43, nimeandika 68 kwa penseli. Wiki iliyopita nikaisoma tena usiku nimechoka, ile sehemu ya fundi ikaniudhi, nikafuta nikaweka 63, kumbe nimemrudisha C. Asubuhi nikaona nimemuonea, nikafuta nikaweka 66, karatasi imeanza kuchanika pale pembeni kwa kufutwa futwa. Nikampigia mzee kumwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho, madaraja, vipengele, penseli, yote.

"Mwanangu," akasema, "kwani huyo kijana bado anayasubiri hayo matokeo?"